Fizikia Inahitaji Hisabati Kiasi Gani?

Ndani ya punje moja ya chumvi ya mezani, sodiamu na klorini zimejipanga kwa zamu: chaji chanya, chaji hasi, chanya tena, hasi tena, pande zote, safu baada ya safu. Mwaka 1918 mwanafizikia Mjerumani Erwin Madelung alishughulika na namba inayoeleza jinsi mpangilio huo unavyoishikilia chumvi isisambaratike. Kwa macho ya mwanafunzi wa kidato cha sita, kazi yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa. Chagua chembe moja ya sodiamu. Majirani zake wa karibu kabisa ni klorini 6, nazo zinaivuta. Baada ya hizo kuna sodiamu 12, umbali wa kipeuo cha pili cha 2, zinaisukuma. Kisha klorini 8 kwenye umbali wa kipeuo cha pili cha 3, zinavuta. Gawa idadi kwa umbali, jumlisha wanaovuta, toa wanaosukuma, endelea hadi uchoke.

Anayeanza anapata 6. Akiingiza kundi la pili, jumla inaporomoka hadi hasi 2.49. Kundi la tatu linaipandisha hadi 2.13, la nne linaishusha hadi hasi 0.87, la tano linairusha hadi 9.87. Jibu linalokubalika ni takriban 1.7476, lakini kwa njia hii ya kufuata umbali hatalifikia hata akikesha mwaka mzima, maana jumla haitulii kamwe. Sasa abadilishe utaratibu. Badala ya kufuata umbali, ajumlishe majirani wote walio ndani ya mchemraba mmoja, halafu mchemraba mkubwa zaidi, halafu mkubwa kuliko huo. Mchemraba wa kwanza una majirani 26 na unatoa 2.13. Wa pili una majirani 124 na unatoa 1.52. Kadiri mchemraba unavyokua, jumla inazidi kulikaribia jibu. Chumvi ni ile ile na majirani ni wale wale. Kilichobadilika ni mpangilio wa kujumlisha tu.

Katika darasa la fizikia mhadhiri huandika 1.7476 ubaoni na kusonga mbele, na hakosei, kwa kuwa muda ni mfupi na namba hiyo imo kwenye majedwali. Mahali ambapo mwanafunzi angeelezwa kwa nini jumla moja inakataa kutulia na nyingine inakubali ni kwenye kozi nyingine kabisa, ya idara ya jirani: uchambuzi wa namba halisi. Humo ndimo anapojifunza alichokionyesha Bernhard Riemann katika karne ya 19, kwamba zipo jumla zisizo na mwisho ambazo, ukizipanga upya, zinaweza kukupa jibu lolote ulitakalo. Anayeifahamu kanuni hiyo huishika kalamu kwa tahadhari. Asiyeifahamu atajumlisha hadi alfajiri na kudhani kompyuta ndiyo yenye kasoro.

Swali linalotokana na hapo huwakuta wanafunzi wa fizikia kila mwaka wanapojaza fomu za kozi za kuchagua. Je, mtu anayetaka kuwa mwanafizikia achukue kozi za ziada za hisabati ya nadharia, au hisabati anayopewa ndani ya fizikia inamtosha?

Ieleweke kwanza kwamba hakuna anayebishania hisabati yenyewe. Nchini Tanzania mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) huanza na Hisabati ya Juu tangu kidato cha tano, na mwenzake wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) husoma BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, na wote wawili wanajua kwamba bila kalikulasi hakuna fizikia ya chuo kikuu. Huko chuoni huongezewa milinganyo ya mabadiliko, vekta, matrisi, namba changamano, na takwimu kidogo. Hisabati hiyo ni ya kutenda. Inamfundisha mtu njia, kisha inampa mazoezi mpaka mkono uzoee.

Hisabati ya nadharia huuliza mambo mengine. Njia hii inaruhusiwa lini? Itavunjika wapi? Kwa nini inafanya kazi? Kila neno hufafanuliwa kabla halijatumika, na kila dai hudaiwa uthibitisho. Mwanafunzi wa fizikia anayeingia humo mara ya kwanza hushangaa kuona karatasi ya mtihani isiyo na namba karibu hata moja, na maswali yote yanaanza na neno "thibitisha". Wengi hutoka wakiuliza kama kuna siku yoyote maabara itawadai kitu hicho.

Historia ya fizikia ya karne ya 20 ina jibu la kuvutia kwa swali hilo, na haliupi upande wowote ushindi kamili.

Juni 1925, Werner Heisenberg, kijana wa miaka 23, alikimbilia kisiwa cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini kwa sababu chavua ya maua ilikuwa imemvimbisha uso. Hapo kisiwani aliandika hesabu mpya za atomu. Alizipanga namba zake kwenye majedwali na kubuni namna ya kuyazidisha, lakini jambo moja lilimsumbua: jedwali la kwanza mara la pili halikuwa sawa na la pili mara la kwanza. Tangu shule ya msingi mtu huambiwa kwamba 3 mara 5 ni sawa na 5 mara 3. Kwake sheria hiyo ilikuwa imevunjika.

Msomaji anaweza kuliona jambo hilo kwa mikono yake mwenyewe. Laza kitabu mezani, jalada likiangalia juu na kichwa cha kitabu kikiwa upande wa mbali. Kwanza kisimamishe wima, jalada likutazame. Kisha kizungushe robo duara kikiwa kimesimama. Jalada sasa linatazama pembeni. Rudisha kitabu kama kilivyokuwa, ubadilishe zamu: kizungushe robo duara kikiwa kimelala, halafu kisimamishe ili jalada likutazame. Safari hii kimesimama kwa ubavu, na maandishi yamelala. Vitendo ni viwili tu, vile vile, lakini kilichotangulia kimeamua matokeo. Kwa mizunguko ya aina hii, mfuatano ni sehemu ya hesabu.

Heisenberg hakujua kwamba wanahisabati walikuwa na kitu cha namna hiyo tayari. Alirudi Göttingen na kumkabidhi makala yake profesa wake, Max Born. Born aliyatafakari yale majedwali kwa siku kadhaa, kisha akakumbuka somo alilosoma ujanani huko Breslau kwa profesa Jakob Rosanes. Hizi zilikuwa matrisi! Wanafizikia wengi wa wakati huo hawakuwahi kuzigusa. Born akamchukua mwanafunzi wake Pascual Jordan, aliyekuwa hodari wa hisabati, na kabla mwaka haujaisha watatu hao walikuwa wamejenga msingi wa fizikia ya kwanta. Mlinganyo uliotokana na kutobadilishana huko kwa majedwali umechongwa kwenye kaburi la Born, pale pale Göttingen.

Miaka michache kabla ya hapo Albert Einstein alikuwa amepitia njia inayofanana na hiyo, tena kwa shida zaidi. Alipokuwa mwanafunzi Zürich kuanzia 1896 alifundishwa na Hermann Minkowski, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake, lakini vipindi vya hisabati alivikwepa mara kwa mara na kujiandaa kwa mitihani kwa kutumia madaftari ya rafiki yake Marcel Grossmann. Minkowski alipoiandika upya nadharia ya uhusianifu kwa lugha ya vipimo vinne mnamo 1908, mwanzoni Einstein aliona ni urembo usio wa lazima. Alikuja kubadili mawazo alipotaka kueleza uvutano. Wazo la fizikia alikuwa nalo. Jiometria ya kulibeba hakuwa nayo. Mwaka 1912 aliporejea Zürich akiwa profesa, Grossmann alikuwa profesa wa hisabati hapo hapo, na ndiye aliyemwonyesha kazi za Riemann pamoja na za Waitaliano Ricci na Levi-Civita kuhusu anga zilizopinda.

Mwaka huo huo Einstein alimwandikia mwenzake Arnold Sommerfeld akikiri kwamba sasa anaiheshimu mno hisabati, ile ya ndani ambayo kwa ujinga wake aliwahi kuiona anasa. Ilimchukua miaka mitatu mingine, pamoja na makosa kadhaa njiani, kufikia mlinganyo wa mwisho mnamo Novemba 1915. Leo saa zilizo kwenye setilaiti za GPS husahihishwa kwa kutumia nadharia zake zote mbili. Bila marekebisho hayo zingetangulia saa za ardhini kwa takriban maikrosekunde 38 kila siku, na ramani ya kwenye simu ya dereva ingepotoka zaidi ya kilomita 10 ndani ya saa 24.

Mfano wa tatu ni wa Marekani. Karibu na mwaka 1960 mwanafizikia Murray Gell-Mann alikuwa anatafuta mpangilio katika lundo la chembe ndogo zilizokuwa zikigunduliwa kila uchao. Alijaribu kujenga aljebra inayofaa kwa mkono wake mwenyewe, hatua kwa hatua, akashindwa. Ndipo mwanahisabati kijana wa chuo chake cha Caltech, Richard Block, alipomweleza kwamba anachokihangaikia kilishaorodheshwa na Mfaransa Élie Cartan tangu mwishoni mwa karne ya 19. Orodha hiyo ilikuwa imekaa kwenye maktaba miaka zaidi ya 60. Gell-Mann aliitumia, akatabiri chembe ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiona, na mwaka 1964 maabara ya Brookhaven, karibu na jiji la New York, ikaipata. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1969.

Visa hivi vitatu vikiwekwa pamoja vinaonyesha kitu ambacho mabishano ya wanafunzi huwa yanakiruka. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekuwa na hisabati yote aliyoihitaji. Lakini wote waliokolewa na mtu aliyekuwa mlango wa pili, na wote walikuwa na hisabati ya kutosha kumwelewa mtu huyo alipofungua mdomo. Einstein hakuwa mbumbumbu wa hisabati hata kidogo; hekaya kwamba alifeli somo hilo shuleni ni uongo mtupu. Alikuwa na msingi uliomwezesha kusema kwa usahihi anakosa nini. Mtu asiye na msingi huo hajui hata jina la kile anachokikosa, na asipolijua jina hata intaneti haimsaidii, kwa kuwa hana neno la kutafutia.

Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuchukua walau kozi mbili tatu za nadharia. Inafaa zaidi kwa anayesoma mbali na vituo vikubwa vya dunia. Göttingen ya mwaka 1925 ilikuwa na wanahisabati David Hilbert na Richard Courant kwenye mji mmoja na Born. Mwanafunzi wa idara ndogo, yenye wahadhiri wachache waliozidiwa na vipindi, hana Grossmann wa kumgongea mlango saa yoyote. Inambidi abebe sehemu ya Grossmann kichwani mwake.

Upo pia ushahidi wa karibu zaidi. Roger Penrose, aliyesomea hisabati, alithibitisha mwaka 1965 kwamba nyota ikiporomoka kupita kiasi fulani haina namna ya kuepuka kuzaa ncha ambamo nadharia ya Einstein yenyewe hukoma, na uthibitisho huo ukampa Nobel ya fizikia mwaka 2020. Nobel ya 2016 ilikwenda kwa David Thouless, Duncan Haldane na Michael Kosterlitz, walioingiza topolojia, tawi la hisabati linalochunguza maumbo, katika fizikia ya mata. Edward Witten, mwanafizikia, alipewa nishani ya Fields mwaka 1990, heshima ambayo wanahisabati huitunza kwa ajili yao wenyewe. Huko Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, katika miaka ya 1970, mwanafizikia C. N. Yang aligundua kwamba nadharia aliyoiandika na Robert Mills mwaka 1954 ilikuwa na pacha wake katika jiometria, na aliyemfumbua macho alikuwa mwanahisabati Jim Simons, aliyewafundisha wanafizikia wa chuo hicho.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa.

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu, na hisabati ya juu hakuijua maisha yake yote. Mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku inayosogea karibu na waya huzaa umeme. Jenereta za Kidatu, za Mtera na za Bwawa la Julius Nyerere zote zinazunguka juu ya ugunduzi huo. Mwaka 1857 alimwandikia barua kijana James Clerk Maxwell akimuuliza kama wanahisabati hawawezi kuyaeleza matokeo yao kwa lugha ya kawaida ili watu wa majaribio nao wafaidike. Maxwell, aliyeshika nafasi ya pili katika mtihani wa hisabati wa Cambridge mwaka 1854, ndiye aliyeyageuza mawazo ya Faraday kuwa milinganyo na kuona ndani yake kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Fizikia iliwahitaji wote wawili, na kwa mpangilio huo: jicho na mkono vilitangulia.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanga, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye badala ya kumpuuza alikwenda kulijaribu. Makala yao ya pamoja ilichapishwa mwaka 1969, na jina la Mpemba likaingia katika fizikia ya dunia. Wataalamu wanaendelea kubishana hadi leo kuhusu sababu, na hata kuhusu ni lini hasa jambo hilo hutokea. Hakukuwa na nadharia ya makundi wala topolojia katika friza ile. Kulikuwa na mtu aliyeamini macho yake.

Kisha kuna suala la fizikia kutangulia mbele ya hisabati. Paul Dirac alianza kama mhandisi wa umeme huko Bristol, na alipofanya kazi ya kwanta alibuni kitu cha ajabu: kipimo kilicho sifuri kila mahali isipokuwa kwenye nukta moja, ambako kinapaa bila kikomo, na bado jumla yake yote ni 1. Kwa sheria za wanahisabati wa wakati huo kitu hicho hakiwezi kuwepo. Dirac alikitumia hata hivyo, majibu yakatoka sahihi, na ni katika miaka ya 1940 ndipo Mfaransa Laurent Schwartz alipojenga nadharia ya kukihalalisha, kazi iliyompa nishani ya Fields mwaka 1950. Angesubiri ruhusa ya wanahisabati, Dirac angepoteza miaka isiyopungua 15. Tena mwenyewe alisema mafunzo ya uhandisi ndiyo yaliyomfundisha kuvumilia makadirio.

Zaidi ya hayo kuna gharama ya kawaida ya kila siku. Shahada ya kwanza ya sayansi nchini Tanzania ni miaka mitatu. Kila kozi ya nadharia inayoongezwa inakula saa za maabara, za kujifunza kuandika programu, za elektroniki. Inaweza pia kula GPA, na GPA ndiyo inayotazamwa na wanaotoa ufadhili. Mwanafunzi anayejitwisha topolojia kwa sababu jina lake linapendeza, akaishia kukariri uthibitisho neno kwa neno usiku wa kuamkia mtihani, hakupata fizikia wala hisabati. Huyo ni heri angebaki maabara. Uthibitisho uliokaririwa haumsaidii mtu popote. Faida yote iko katika kuujenga mwenyewe na kuona unapokwama.

Kwa hiyo achukue zipi? Jibu la haki linategemea aendako, ila kuna kozi moja ambayo ni vigumu kufikiria mwanafunzi wa fizikia anayeweza kujuta kuisoma: aljebra ya mstari, ile inayofundishwa na idara ya hisabati pamoja na uthibitisho wake. Katika fizikia ya kwanta, hali ya chembe ni vekta, kipimo ni matrisi, na majibu yanayosomwa kwenye chombo ni namba maalumu za matrisi hiyo. Anayeijua aljebra ya mstari kwa undani huiona kwanta ikimfungukia; asiyeijua hubaki na rundo la alama za ajabu. Hisabati hiyo hiyo ndiyo iliyo chini ya programu za kompyuta zinazotambua picha na sauti, kwa hiyo hata akiacha fizikia na kwenda benki au kampuni ya simu haimtupi.

Inayofuata ni uchambuzi wa namba changamano. Mawimbi, umeme wa mkondo geu, mtiririko wa maji, vyote huwa vyepesi mikononi mwa anayeijua. Baada ya hapo muhula mmoja wa uchambuzi wa namba halisi unatosha kwa wengi, na faida yake ni mazoea ya kuuliza kama jumla inatulia, kama kikomo kipo, kama mpangilio unaweza kubadilishwa. Chumvi ya Madelung ni mfano mmoja tu; maswali hayo hayo humrudia mtu kila anapoandika programu ya kukokotoa.

Anayelenga fizikia ya nadharia, yaani chembe, uvutano au anga za mbali, aongeze nadharia ya makundi na jiometria ya nyuso zilizopinda, na asisubiri shahada ya pili. Anayelenga maabara, vifaa vya tiba, jotoardhi au umemejua, atafaidika zaidi na takwimu nzito kuliko na topolojia. Wanafizikia wa CERN walipotangaza chembe ya Higgs mwaka 2012, sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kuthibitisha kwa takwimu kwamba walichokiona si bahati nasibu.

Kundi moja husahaulika katika mjadala huu, nalo ni la walimu. Wengi wanaosoma fizikia katika vyuo vikuu vya Tanzania wanaisomea ualimu, na mara nyingi somo lao la pili la kufundishia ni hisabati. Kwao kozi za nadharia ni sehemu ya kazi yenyewe. Siku mwanafunzi wa kidato cha tano atakapouliza kwa nini haturuhusiwi kugawa kwa sifuri, au kwa nini 0.999 isiyo na mwisho ni sawa na 1, mwalimu aliyesoma uchambuzi atakuwa na jibu, na darasa zima litajua kwamba hisabati haina amri zisizoulizwa sababu. Mwalimu ambaye hakusoma atasema ndivyo ilivyo. Watoto husikia tofauti hiyo.

Aliyemaliza shahada bila kozi hizo naye hajafungiwa mlango. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia kilichoanzishwa Trieste, Italia, mwaka 1964 na Mpakistani Abdus Salam kiliundwa kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Salam mwenyewe alisomea hisabati na fizikia kwa pamoja Cambridge, na alipewa Nobel mwaka 1979. Tawi lenye uhusiano na kituo hicho, Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, lilifunguliwa Kigali mwaka 2018. Mji huo huo una kituo cha AIMS, mtandao wa taasisi za hisabati ulioanzishwa Cape Town mwaka 2003 na mwanafizikia Neil Turok, ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Tanzania, wazazi wake wakiwa uhamishoni kutoka Afrika Kusini ya ubaguzi.

Idara nazo zina wajibu wao. Ratiba ya fizikia na ya hisabati zisipogongana, mwanafunzi anayetaka kuvuka atavuka. Mhadhiri wa aljebra akitenga vipindi viwili katika muhula kuonyesha jinsi matrisi zilivyoingia kwenye atomu, wanafizikia watakaa na wanahisabati watafurahi. Mambo haya hayahitaji bajeti mpya.

Na mwanafunzi anayejaza fomu mwaka huu asiamue kwa kusikia majina ya kozi wala hofu za waliotangulia. Wiki za mwanzo wa muhula, kabla muda wa kubadilisha kozi haujafungwa, aende akae kwenye darasa la aljebra ya mstari la idara ya hisabati, afanye karatasi ya kwanza ya mazoezi bila kumwangalizia mtu, kisha aamue. Akiona inafaa, aichukue hiyo kwanza, na topolojia aiache hadi fizikia yake itakapoidai.